Tenga la Beatha

Mji wa Same haukuzoea mvua, na mvua haikuuzoea mji wa Same. Vikikutana, katika zile siku chache za masika, hakuna anayejua la kufanya: maji hutuama mbele ya maduka, mbuzi hukimbilia barazani, na watu husimama milangoni wakitazama juu kama waliodanganywa. Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili mvua ilianza kabla ya alfajiri, na hata kulipopambazuka haikuonyesha dalili ya kuchoka. Barabara kuu iendayo Moshi ilikuwa imelowa chapachapa mpaka macho yalipokoma.

Kwenye baraza ya Mwanaidi, muuza vitenge wa hapo mjini, walisimama mume na mke waliokuwa wamelala kwake. Mume aliitwa Anaeli, mwashi wa Bombo, kijiji cha milimani huko Upare Kusini. Mkewe aliitwa Beatha. Jana yake walikuwa wameteremka kutoka Bombo hadi Maore, wakaikata tambarare yote mpaka Same, na mapaja yao yalikuwa bado yanawaka moto. Mbele yao zilibaki kilomita zaidi ya mia moja, nao walikuwa wakisafiri kwa baiskeli.

“Baba Irine,” Mwanaidi alisema huku akiwamiminia chai, “mabasi yanapita hapa kila saa. Pandisheni hizo baiskeli juu, mkae ndani kama watu.”

“Dada, nadhiri haipandi basi,” Anaeli alijibu.

Na kweli ilikuwa nadhiri. Mwezi wa Februari, Irine, binti yao wa pekee aliyeolewa Moshi, alishikwa na uchungu wa uzazi siku mbili bila kujifungua. Simu zilipigwa mpaka zikaisha chaji. Jumapili ile Anaeli alisimama katikati ya kanisa la Kilutheri la Bombo, akanyoosha mkono, akasema mbele ya usharika mzima: “Mungu akimtoa salama mwanangu na mtoto wake, mimi na mke wangu tutakwenda Moshi kwa baiskeli kushukuru.” Jioni ile ile Irine akajifungua mtoto wa kike. Watu hututania sisi Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Labda wanatia chumvi. Lakini Mpare akishatamka neno mbele ya watu, usimwombe alimeze. Sasa ubatizo wa mtoto ulikuwa kesho yake, Jumapili, saa nne asubuhi.

Beatha, ambaye siku ile ya nadhiri alikuwa ameketi upande wa akina mama, alisikia jina lake likitolewa sadaka pamoja na miguu yake. Aliazima baiskeli ya mke wa mwinjilisti, akajifunza upya kuiendesha kwenye kiwanja cha shule.

“Na makoti ya mvua je?” Mwanaidi aliuliza.

Anaeli alicheka. Hakuna mtu wa milimani anayeteremka tambarare na koti la mvua. Bombo ndiko kwenye mvua, Same ndiko kwenye vumbi; hilo mtoto wa Bombo hulijua kabla ya kujua kuhesabu. Makoti yao mawili mazito yalikuwa yananing'inia nyuma ya mlango, nyumbani, makavu kabisa. Beatha alikuwa na kipande kimoja tu cha nailoni, nacho alikuwa tayari ameshakifunga juu ya tenga lake.

“Kuku kafunikwa,” Anaeli alimwambia Mwanaidi, “mume ataloa.”

Alitaka iwe mzaha, lakini haikutoka kama mzaha. Kwenye keria ya baiskeli yake palikuwa na gunia la maharage na tangawizi kwa ajili ya shughuli ya ubatizo, kilo arobaini na zaidi, na ubavuni amefunga kifurushi cha miwa. Kwenye keria ya Beatha palikuwa na tenga moja, na ndani ya tenga kuku mmoja. Tangu Bombo Anaeli alikuwa akiipima mizigo ile miwili kwa macho, na kila alipoipima roho ilimuuma.

Huyo kuku alikuwa na habari yake. Katika ukoo wa Beatha, mama haendi kumtazama binti aliyejifungua mzaliwa wa kwanza akiwa mikono mitupu. Humpelekea kuku koo wa uzao wa nyumbani, uzao unaotoka kwa mama hadi kwa binti tangu enzi za mabibi. Kuku huyo hachinjwi; hufugwa ili mtoto akue akila mayai ya kwao. Mwezi wa Machi kicheche aliingia bandani kwa Beatha, akala kuku wote, wawili leo na watatu kesho, mpaka banda likabaki manyoya. Aliyepona ni mmoja tu, kwa kuwa alikuwa amejificha juu ya dari la jiko, akiatamia mayai kumi na mawili ambayo hakuna aliyemwona akiyataga. Kumwacha Bombo ni kumwandalia kicheche meza. Kumsubiri atotoe ni kukosa ubatizo. Basi Beatha alimhamishia tengani usiku na mayai yake, juu ya majani makavu ya mgomba, akamfunika giza ili aendelee kuyalalia. Kwa hesabu yake Jumamosi ile ilikuwa siku ya ishirini, na kuku hutotoa siku ya ishirini na moja. Uzao wote wa mabibi ulikuwa umebaki katika tenga lile, nao ungeingia Moshi hai au usingeingia.

Anaeli aliyajua yote hayo. Ila kujua kwa masikio ni kitu kimoja, kujua kwa mikono ni kingine.

Waliondoka saa kumi na mbili. Mvua haikuwa kubwa, ila haikuwa na kikomo; ni ile inayopenya polepole kwenye kola, ikashuka mgongoni, ikatafuta njia mpaka ndani ya viatu. Upepo ulitoka mbele. Malori yalipopita yaliwamwagia maji ya barabarani yaliyochanganyika na matope, na kila lilipopita moja Anaeli alitema mate na kuendelea. Mtu mwenye mzigo mzito akishapata mwendo hapendi kuuacha, maana kuutafuta tena ni adhabu. Na Beatha kila baada ya muda alisimama. Alishuka, akaegemeza baiskeli kwenye jiwe la kilomita, akaingiza mkono chini ya nailoni, akatulia kama mtu anayesikiliza, kisha akafunga upya. Anaeli ilimlazimu kumngoja, mguu mmoja chini, gunia likimvuta upande.

“Mama Irine, tutafika lini?”

“Tutafika.”

“Unampapasa nini kila saa? Atakwambia amefika?”

Beatha alikaza mpira wa keria, akapanda. Walipita Mgagao. Mlima wote wa Upare uliokuwa mkono wao wa kulia ulikuwa umezama mawinguni, hata ungedhani umehamishwa.

Saa nne waliingia Lembeni, hoi bin taaban. Waliegemeza baiskeli kwenye kibanda cha mama ntilie, wakaagiza chai na chapati. Anaeli alijaribu kukunja vidole, vikakataa. Alimtazama mkewe akipuliza chai yake, na uchovu wa siku mbili ukampanda kichwani.

“Unajua tofauti yetu, Mama Irine?” alisema. “Wewe unatembea. Mimi nimebeba.”

Mama ntilie aliinua macho, akayashusha haraka kwenye sufuria.

“Kwani tenga langu lina nini?” Beatha aliuliza.

“Lina kuku mmoja.”

“Haya. Libebe.”

“Unasema?”

“Tubadilishane baiskeli. Mimi nitapanda ya gunia. Wewe panda ya kuku upumzike.”

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia afunge mlango. Anaeli alidhani anatania. Alipoona ameshanyanyuka na kushika usukani wa baiskeli yenye gunia, aibu ilimwambia akatae, lakini magoti yake yalishamjibia. Alikubali.

Beatha alimpa masharti huku akikaza mipira ya keria. “Usikimbize. Usifunge breki ghafla. Shimo ukiliona, lizunguke, usipoliona, shuka. Upepo usimwingie. Kila ukifika mahali pakavu, papasa mayai. Ya pembeni yasukume katikati, yakipoa yamekufa. Mara moja leo atataka kutoka ale na ajisaidie. Akitoka, usimfukuze.”

“Kumbe nimepewa mtoto mchanga,” Anaeli alisema akicheka.

“Ndiyo,” Beatha alijibu. “Kumi na wawili.”

Kilomita ya kwanza Anaeli aliona ni kama amevuliwa pingu. Baiskeli ilikwenda yenyewe. Aligeuka akamwona mkewe nyuma akiyumba, gurudumu la mbele likitaka kunyanyuka, naye akajisemea moyoni kwamba sasa atakiona cha mtema kuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka hupenda mwenzake naye achoke.

Shimo la kwanza lilikuwa limejaa maji, likafanana na barabara. Gurudumu la nyuma lilipozama, kuku alipiga ukelele ambao Anaeli aliusikia mpaka kwenye meno. Alishuka, akafungua nailoni, akaingiza mkono gizani. Alidonolewa. Akaingiza tena, akahesabu kwa vidole. Kumi na moja yalikuwa mazima, na moja lilikuwa na ute. Alilitoa. Ndani yake palikuwa na kifaranga kamili, macho yamefumba, miguu imekunjwa, kimekaribia kabisa. Anaeli aliketi pale ukingoni mwa barabara, mvua ikimpiga, amekishika mkononi. Alikuwa amejenga nyumba nyingi na kubomoa nyingi, lakini hakuwahi kubomoa kitu kama kile. Alikifukia kando ya shamba la mkonge kwa kisigino.

Toka hapo hakukimbiza tena. Alijifunza kuisoma barabara hatua kwa hatua. Madimbwi yote yakawa adui. Hakuweza kusimama juu ya pedali, maana tenga lingetikisika; hakuweza kuteremka kilima kwa raha, maana mwisho wa kilima pana breki. Upepo ulipokuwa ukiinua nailoni ilimbidi aendeshe kwa mkono mmoja na mwingine aurudishe nyuma kuishika, mpaka bega likawa kama limepigiwa msumari. Lori likija alisimama kabisa, akalikinga tenga kwa mgongo wake, yale maji yakamwishia yeye. Shingo ilikakamaa kwa kutazama nyuma. Na kilichomshangaza ni hiki: miguu yake haikuchoka hata kidogo, ila alikuwa amechoka kuliko asubuhi. Mzigo wa gunia ulikuwa ukimaliza miguu, huu ulimaliza moyo, na hakukuwa na mahali pa kuutua. Hata aliposimama kupumzika, yeye hakupumzika.

Akapita Kisangara, akapita Mwanga. Beatha hakuonekana tena nyuma. Anaeli alitamani kumngoja na akaogopa kumngoja, kwa sababu kusimama mvuani ni kuyapoza mayai.

Kifaru alifika saa saba na nusu. Alisukuma baiskeli mpaka chini ya bati la duka la nafaka, akamsalimu mwenye duka, mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma aliyejitambulisha kwa jina la Muhidin. Alipofungua tu nailoni apapase, kuku akaruka. Akapita kati ya miguu yake, akaingia dukani, akatokomea chini ya chanja ya magunia.

“Mshike!” vijana wa bodaboda waliokuwa wamejikinga mvua pale walipiga kelele, na wawili wakainama.

“Msimfukuze!” Anaeli alipaza sauti. “Jamani, msimfukuze, anaatamia!”

Basi wakangoja. Kuku alikula punje zilizomwagika, akajisaidia, akajikung'uta, akapata joto la chini ya magunia akalipenda. Hakurudi. Dakika zikapita. Anaeli aligusa mayai. Ya juu yalikuwa yameanza kupoa. Aligusa shati lake. Lilikuwa limelowa kama dekio. Alipokumbuka yale macho ya kifaranga yaliyofumba, alivua shati mbele za watu.

“Mzee wangu, nisaidie kitu kikavu,” alimwambia Muhidin.

Muhidin alimletea shuka lake la kujifunikia na gunia tupu. Anaeli akaketi sakafuni, akapanga mayai kumi na moja juu ya tumbo lake tupu, moja moja, akajizungushia shuka, akainama juu yake. Mwashi wa Bombo, baba mkwe wa watu, mzee wa kanisa.

“Oya, mwone mzee anaatamia!” kijana mmoja alisema, na baraza zima likaangua kicheko. Mwingine alitoa simu.

“Mwache,” Muhidin alisema kwa ukali. “Weka simu hiyo. Hujui alichobeba.”

Neno hilo lilimwingia Anaeli kuliko kicheko. Aliketi pale na mayai yake, hawezi kusimama, hawezi kujikuna, hawezi hata kukohoa vizuri. Na kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kutotikisika, mawazo yalimjia yenyewe. Alimkumbuka mama yake mzazi. Kabla hajafa, mama huyo alilala kitandani miaka minne, na kwa miaka yote minne aliyemgeuza, aliyemwogesha na kuamka usiku alipoita, alikuwa Beatha. Anaeli alikuwa akirudi jioni kutoka ujenzini, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, anakaa kwenye kiti na kusema, “Wewe ulikuwa nyumbani tu.” Alikuwa akiyasema bila ubaya. Alikuwa akiyasema karibu kila siku. Sasa aliona aibu iliyomfanya afumbe macho, na haikuwa aibu ya kukaa tumbo wazi mbele ya bodaboda.

Beatha alitokea baada ya karibu saa nzima. Alikuwa akikokota baiskeli, si kuiendesha. Goti lake moja lilikuwa linavuja damu, kitenge kimechanika, na mdomo ulikuwa wa kijivu kwa baridi. Aliiegemeza baiskeli ukutani, ikamshinda, ikaanguka na gunia lake. Hakujali. Alimtazama mumewe pale sakafuni.

“Yako mangapi?”

“Kumi na moja,” Anaeli alisema. “Moja nimeliua mimi. Nilikimbiza.”

Alitegemea maneno. Maneno aliyastahili, hata angetukanwa asingejibu. Beatha aliketi kando yake na kunyoosha mguu wenye kidonda.

“Nimeanguka mara mbili,” alisema. “Ile baiskeli ukiipinda kidogo tu gunia linakuvuta lote. Nimeshindwa kuinyanyua peke yangu. Kuna mtu alikuja kunisaidia, nikaanguka tena.” Alifungua viganja vyake, ngozi ilikuwa imechunika. “Baba Irine, nikwambie ukweli. Miaka yote nakusikia ukiguna ukitua mzigo mlangoni. Mimi huku jikoni nasema moyoni, mwanaume huyu anajua kuigiza.”

“Ulikuwa unasema hivyo?”

“Kila siku.”

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamechoka mno. Ila Anaeli alihisi kitu kimemlegea kifuani, kama mtu anayegundua kuwa hakukosa peke yake.

Beatha alipiga magoti mbele ya chanja, akaita kwa sauti ya chini ya koo, ile ambayo kila kuku wake aliijua. Kuku alitoa kichwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoka kwa madaha kama bi harusi, akapanda mwenyewe tengani, na Beatha akayarudisha mayai chini yake moja baada ya jingine. La tisa alilisogeza sikioni. Akatulia. Kisha akalisogeza kwenye sikio la mumewe.

Ndani ya ganda, mbali kabisa, kitu kilikuwa kinalia.

“Tuondoke,” Anaeli alisema.

Waligawa gunia. Muhidin aliwapa lile gunia tupu, wakahamishia nusu ya maharage humo, kila mmoja akabeba nusu. Tenga walikubaliana kupokezana kila baada ya mawe matano ya kilomita, na aliyelibeba ndiye aliyetoa amri ya kusimama. Barabara kutoka Kifaru hupanda polepole mpaka Himo, mpando usioonekana kwa macho, ila magoti huuona. Mvua iliongezeka. Hawakuzungumza, maana pumzi ilikuwa ya kuendeshea tu. Lakini Beatha aliposema simama, Anaeli alisimama, na hakuuliza watafika lini.

Himo walifika saa kumi na nusu. Kutoka hapo magari yalizidi, na mji ukaanza kuwajia kabla hawajaufikia: nyumba zilizosongamana, mabango, honi, bodaboda zilizowapita ubavuni kama mbayuwayu. Mtu wa Bombo akiingia Moshi kwa basi huuona mji dirishani. Akiingia kwa baiskeli, mvuani, magharibi inakaribia, mji humwingia mwilini. Kiboriloni palikuwa na msongamano. Mifereji ilikuwa imefurika na kugeuza barabara kuwa mto, na hakuna aliyejua mashimo yako wapi. Zamu ya tenga ilikuwa ya Anaeli. Hakupanda. Alishuka, akakokota baiskeli ndani ya maji yaliyomfika kwenye mashavu ya miguu, akipapasa ardhi kwa viatu, mkono mmoja umelikumbatia tenga, huku madereva wakimpigia honi na kumuuliza kama kalewa. Beatha alikuja nyuma yake akichechemea. Anaeli alitumia nusu saa kuvuka mahali ambapo kijana angepita kwa dakika mbili.

Saa moja kasoro, taa za mji zikiwa zimewaka, walisimama mbele ya nyumba ya kupanga ya Irine.

Irine alitoka na mtoto mgongoni. “Shikamoo baba! Shikamoo mama! Jamani, mmekuja kweli!” Alilia na kucheka kwa pamoja. Nyuma yake alitoka mumewe, Rodgers, fundi wa umeme, na nyuma yake majirani waliokuwa wamekuja kusaidia mapishi ya ubatizo. Waliziona baiskeli, wakaona matope, wakapiga vigelegele. Beatha aliketishwa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, na tenga likawekwa miguuni pake. Irine alifunua nailoni pembe moja, akachungulia, akaziba mdomo kwa kiganja. Chini ya ubawa wa kuku palikuwa na kichwa kimoja, kimelowa, kinashangaa.

“Mama, kimetoka!”

“Baba, wewe ni chuma,” Rodgers alisema, akimshika mkwewe mkono kwa mikono miwili. “Bombo mpaka Moshi, kwa mvua hii! Kesho mchungaji akupe nafasi usimulie. Ulitoa nadhiri, ukaitimiza.”

“Mwanaume huyo!” Fortunata, jirani mmoja mnene mchangamfu, alidakia. “Wapare mna vichwa vigumu, lakini wewe umezidi.”

Tangu Februari Anaeli alikuwa akiyangoja maneno hayo. Kila kilima alichopanda akifanya mazoezi aliyasikia masikioni, na usharika mzima wa Moshi ukimgeukia. Sasa yalikuwa yamefika, matamu kama alivyoyawazia, na akaona hayamezeki.

“Msinisifu,” alisema. Meno yalikuwa yanagongana, ikambidi aanze upya. “Kesho nikipewa nafasi nitasema hili tu. Nadhiri ilikuwa ya watu wawili, na mdomo ulikuwa mmoja. Sikumuuliza. Nilimtolea Mungu miguu isiyokuwa yangu, kisha njiani nikamwambia yeye anatembea na mimi ndiye nimebeba. Leo nimebeba tenga lake nusu siku. Nusu siku tu, Rodgers, na nimeua. Yeye amebeba matenga ya namna hiyo nyumbani kwangu miaka ishirini na sita, na mama yangu akiwa ndani ya mojawapo, wala sikuwahi kusikia kelele.”

Aligeuka ili ayamalizie usoni pa mkewe, maana lililobaki lilikuwa la kwake peke yake.

Beatha hakuwa amesikia hata neno moja. Alikuwa amelala vilevile alivyoketi, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, viganja vilivyochunika vimefunguka mapajani, na mguu mmoja umelizuia tenga lisisogee.

Anaeli alimwomba Irine blanketi, akamfunika, akaketi sakafuni kando yake angoje aamke, ili aseme upya. Maana aliujua sasa ukweli ambao barabara nzima kutoka Same ilikuwa imempigia mpaka ukaingia: kwa asiyewahi kujitwisha kichwani, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.